Kabla ya kuua panya, ueni kwanza viroboto



Wakati wa mavuno ya muhindi na maharagi, panya wanatoka shambani na kuingia depo. Wengi wetu tunaweka sumu siku ile ile. Ni kweli panya anamaliza chakula. Lakini hapa Ituri tuangalie kwanza wadudu wanaokaa juu ya mwili wake, maana tabia zao si moja.

Chawa. Chawa wa panya anaishi ndani ya manyoya maisha yake yote, hata mayai anayabandika pale. Hatafuti mtu. Panya akikufa, naye anakufa.

Kupe. Kupe mchanga ana miguu 6, mkubwa ana 8. Anajishikiza siku kadhaa, anashiba, anaanguka chini. Ndezi, yule wengine wanamwita simbiliki, ana kupe wake, Rhipicephalus simpsoni. Mwindaji akileta nyama ya pori, asiilaze karibu na mbuzi wala mahali watoto wanalala.

Kiroboto. Huyu ndiye wa kuogopa. Anakunywa damu, kisha anaweza kuruka na kuhama. Mayai yake yanaanguka ndani ya shimo na vumbi la nyumba. Panya wa nyumba anabeba hasa viroboto wa kundi la Xenopsylla. Panya wa shamba anabeba pia wengine wa mashimoni, kama Dinopsyllus. Kirukanjia, yule wa pua ndefu mwenye kunuka, si panya, anakula wadudu. Lakini akipita kwenye mashimo yale yale, anaweza kuokota viroboto. Basi depo ndiyo soko lao: wa shamba na wa nyumba wanakutana pale, wanabadilishana.

Panya akikufa, mwili unapoa. Kiroboto anatoka kutafuta damu ya moto: panya mwingine, paka, ao mtu. Kama panya huyo alikuwa na tauni (pesti), kiroboto anakuja nayo. Tauni haijaisha kwetu: mwaka 2020 wagonjwa walipatikana tena katika zone ya afya ya Rethy. Ndiyo sababu sumu ya panya peke yake inaweza kuleta hatari kuliko faida.

Tufanye hivi:

1. Kwanza dawa ya viroboto kwenye mashimo na njia za panya, kwa maelekezo ya watu wa afya. Dawa isiguse chakula. Mitego na sumu vinafuata nyuma.
2. Mkiona panya wengi wamekufa bila sumu, msiwaguse kwa mkono. Kimbizeni watoto na imbwa, mjulishe kituo cha afya siku hiyo hiyo.
3. Jengeni depo juu ya miguu yenye urefu wa mita 1, kila mguu na kofia ya bati. Kateni majani pembeni.
4. Msilale chini karibu na magunia. Fagieni vumbi kila mara.
5. Mtu akipata homa kali ya ghafla na mitoki yenye kuuma kwenye kinena ao kwapa, asingoje. Dawa ya tauni iko, na inaponyesha ikitolewa mapema.

Kwenye mkutano ujao wa koperative, chagueni watu 2 wa kuangalia depo kila juma, kabla mavuno hayajaingia.