Uvimbe wa shingo wa kurithi: je, ni wa baba mdogo au wa mjomba?

Leo tuzungumzie ugonjwa wa nadra, ila ukiingia katika ukoo hauishii kwa mtu mmoja.

Unaitwa paraganglioma. Ni uvimbe unaoota shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani unapogawanyika, au karibu na sikio. Kwa kawaida hauumi na hukua polepole sana. Wengine husikia mapigo ya moyo sikioni, au sauti hukwaruza. Kwetu huitwa matezi au rovu, na mgonjwa huchanjwa chale. Msifanye hivyo, kwani uvimbe huu umejaa mishipa ya damu. Hata hospitali, kabla ya sindano ya kutoa kinyama, mwambie daktari kama kuna ndugu aliyewahi kuupata.

Mwaka 2000 iligunduliwa jeni moja inayohusika, SDHD. Mambo yake ni ya ajabu kidogo. Baba au mama mwenye kasoro anaweza kumrithisha mtoto yeyote, nusu kwa nusu. Lakini anayeota uvimbe ni aliyeipata kwa baba. Aliyeipata kwa mama huwa mzima, isipokuwa mara chache sana. Akiwa mwanamume, watoto wake ndio wamo hatarini. Basi ugonjwa unaruka kizazi, na watu wanasema ukoo umerogwa.

Daktari atauliza habari za ukoo. Kiingereza kina neno moja tu kwa baba mdogo na mjomba, kwa hiyo mweleze mkalimani vizuri. Akiugua baba mdogo (hata wa mama mwingine, mradi baba yao ni mmoja), wewe mwenyewe upimwe. Akiugua mjomba, huenda umebeba jeni bila kuugua. Kama wewe ni mwanamume, fikiria watoto wako.

Vipimo ni damu, mkojo na picha ya MRI. Si kila uvimbe hukatwa, maana mishipa ya fahamu ya sauti na kumeza iko hapo hapo. Mwingine huchomwa kwa mionzi, mdogo hufuatiliwa tu kwa picha.

Wengi wanaogopa kupima jeni wasifukuzwe kazi. Sheria ya Marekani ya 2008 inakataza bima ya afya, na mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, kutumia majibu hayo dhidi yako. Bima ya maisha haimo katika sheria hiyo, basi anayetaka kuikata aulize kabla ya kupima.