Tulia Mpenzi, Natafuta Jicho Lako!

Hivi msomaji wangu, mara ya mwisho mwenzi wako kukuangalia machoni dakika nzima bila kushika simu ilikuwa lini? Mume wangu anaangaliwa hivyo karibu kila Jumapili, na bado analalamika! “Bado tu? Shingo inauma bwana.”

Sababu ni kamera yangu, Yashica Mat-124G, Mjapani aliyetengenezwa kati ya 1970 na 1986. Inatumia mkanda wa filamu na haina fokasi ya kujiendesha. Ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ya kutazamia, ya chini ndiyo inapiga. Unaishika usawa wa tumbo, unainamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu yake. Mkono wa kushoto unazungusha kirungu, lenzi zote mbili zinasogea pamoja mpaka sura itulie. Rahisi, siyo? Subiri kwanza.

Sentimita chache tu

Mkanda wa 120 kwenye kamera hii unatoa picha 12 za mraba, kila moja karibu sentimita 6 kwa 6. Ni kubwa mno ukilinganisha na zile za milimita 35 tulizozizoea. Ukubwa huo ndio raha yake, na ndio balaa lake. Picha kubwa inahitaji lenzi ndefu zaidi, hapa milimita 80, na lenzi ikirefuka, eneo linalotoka kali linakuwa jembamba. Ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, tundu la lenzi wazi kabisa kwenye f/3.5, eneo hilo ni kama sentimita 5 au 6. Jipime kutoka kope hadi sikio, utanielewa. Kope zikiwa kali, masikio yako kwenye ukungu. Na mtu hasimami kama nguzo. Akiyumba kidogo tu, jicho limeshatoka.

Kasheshe nyingine ni kioo: kinageuza kulia kuwa kushoto. Namwambia asogee kulia, kwenye kioo namwona anakwenda kushoto. “Kulia kwangu au kwako?” Hapo ndipo maneno yanapoanza!

Siku ya mama mkwe

Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Tanga. Umri umekwenda, na kichwa kinatikisika kidogo. Akaniambia, “Mwanangu, nipige moja ya ukutani. Hizo za kwenye simu mnaziona wenyewe.” Safari ndefu sasa zinamchosha, na sote tulijua huenda asije tena Dar. Mkanda nilikuwa nao mmoja tu.

Nilimkalisha karibu na dirisha, kwenye kiti chenye mgongo mrefu ili kichwa kipate pa kuegemea. Nikaweka kamera kwenye stendi na kubana tundu hadi f/8. Kwa mita 1 na nusu, hapo unapata eneo kali la zaidi ya sentimita 20. Mume wangu alishika ncha ya futi ya fundi cherehani kwenye paji la mama yake, mimi nikasoma umbali na kuulinganisha na namba za kwenye kirungu.

Mama akasema taratibu, “Mkono wako wa baridi kama wa baba yako.” Mume wangu, ambaye hulalamika kila Jumapili, alikaa kimya. Aliuacha mkono pale hata baada ya mimi kumaliza kupima.

Filamu iliposafishwa, picha saba kati ya 12 zilikuwa kali. Moja iko ukutani Tanga. Nyingine aliichagua mume wangu, iko kwenye pochi yake.

Mkitaka kujaribu

• Fungua kioo kidogo cha kukuzia kilicho ndani ya kifuniko. Bila hicho unabahatisha.
• Zungusha kirungu mpaka upitilize kidogo, kisha rudi. Ukipita pale palipo kali ndipo utapatambua.
• Lenga jicho lililo karibu na kamera. Pua ikiwa kali na jicho likawa na ukungu, picha imekufa.
• Ndani ya nyumba usiku kioo kinakuwa giza. Tumia dirisha, mchana.
• Mwambie mwenzio atoe pumzi, kisha atulie. Ndipo ubonyeze.
• Mwambie pia kwa nini unamchelewesha. Mtu anayejua sababu hununa kidogo.

Filamu mpya za 120 bado zinatengenezwa, kama Ilford HP5 Plus na Kodak Portra. Ila kabla ya mkanda wa kwanza, kubalianeni jambo moja: kulia ni kwa nani!