UFAFANUZI KUHUSU PROGRAMU ZINAZOKOSA MAKTABA KATIKA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia kompyuta za mezani wanafahamishwa kwamba programu inayokataa kufunguka si lazima iwe imeharibika. Mara nyingi kinachokosekana ni maktaba, yaani faili la pamoja linalotegemewa na programu nyingi.

Hali hiyo inafanana na maji ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mto Ruvu, unaopata maji katika milima hiyo, huwahudumia wakaazi wa Dar es Salaam na Pwani. Mto Ngerengere nao huingia Bwawa la Mindu linalotegemewa na mji wa Morogoro. Chanzo kikikauka, mfereji wa nyumbani hukauka ingawa hauna kasoro, na mwenye kuubadilisha hupoteza fedha zake bure.

Kompyuta hutaja yenyewe kinachokosekana. Katika Linux huonekana jina kama libssl.so.1.1; katika Windows huonekana jina kama VCRUNTIME140.dll. Jina hilo liandikwe kama lilivyo, pamoja na tarakimu zake. Ubuntu 22.04, iliyotolewa Aprili 2022, ilikuja na OpenSSL 3 bila ya libssl.so.1.1, programu za zamani zilizotegemea faili hilo ziligoma, ingawa zenyewe hazikuguswa.

Kwa watumiaji wa Ubuntu na Debian, hatua za kufuata ni hizi:

1. Itolewe amri ya ldd ikifuatiwa na mahali programu ilipo. Mstari wenye maneno not found ndio unaotaja maktaba isiyopatikana. Amri hii isitumike kwa programu isiyoaminika, kwani yaweza kuiendesha.

2. Itolewe amri ya sudo apt update, kisha sudo apt --fix-broken install. Orodha ya vitakavyoondolewa isomwe kabla ya kukubali.

3. Tatizo likibaki, apt-file search pamoja na jina la faili itaonyesha kifurushi cha kusakinisha. Chombo hiki husakinishwa kwanza, kisha hupewa amri ya apt-file update.

4. Ikiwa maktaba ni ya toleo lililoachwa, itafutwe programu mpya. OpenSSL 1.1.1 ilifikia mwisho wa matengenezo yake ya kawaida Septemba 2023. Kuirejesha ni kuacha mlango wazi.

Kwa watumiaji wa Windows, faili lililotajwa hapo juu hupatikana katika kifurushi cha Visual C++ kinachotolewa na Microsoft yenyewe. Programu ya biti 32 huhitaji maktaba ya biti 32, hata kama kompyuta ni ya biti 64.

Pale pasipo na mtandao, mathalan katika vijiji vya milimani, vifurushi vyaweza kuchukuliwa mjini kwa flashi. Sharti viwe vya toleo lile lile la mfumo na aina ile ile ya kompyuta, na viandamane na vyote vinavyovitegemeza.

Aidha, inasisitizwa kwamba faili la maktaba lisichukuliwe katika tovuti isiyojulikana, wala faili la toleo jingine lisibadilishwe jina ili kuihadaa programu. Faili la namna hiyo laweza kubeba virusi, na kompyuta ya ofisi huhifadhi mishahara, vyeti vya kuzaliwa na kumbukumbu za ardhi. Kazi iliyosimama siku moja hufidiwa kesho yake. Siri za wananchi zikishatoka hazirudi.