Kihispania mjini Sydney: Nani aitwe 'tú', nani aitwe 'usted'?

Viwakilishi vya nafsi ni maneno madogo, lakini kwa mzee aliye mikononi mwa mhudumu, ndivyo vinavyoonyesha iwapo ameheshimiwa au amevunjiwa heshima.

Eneo la Fairfield, magharibi mwa Sydney, ni makao ya siku nyingi ya wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati. Wachile wengi waliwasili baada ya jeshi kumpindua Rais Salvador Allende mwezi Septemba mwaka 1973. Wauruguay nao waliingia katika miaka hiyo ya 1970, na Wasalvador waliokimbia vita wakafuata katika miaka ya 1980. Waliofika wakiwa vijana sasa ni wazee, na miongoni mwa wahudumu wa wazee nchini Australia wamo wazungumzaji wa Kiswahili. Mzee aliyejifunza Kiingereza ukubwani akipatwa na ugonjwa wa kusahau, huenda Kiingereza kikamtoka, akabaki na lugha aliyolelewa nayo.

Nafsi ndani ya kitenzi

Kwa bahati njema, Mswahili hukuta mengi anayoyafahamu. Yo ni mimi, tú ni wewe, nosotros ni sisi. Hata hivyo, maneno hayo hayatajwi kila mara, kwa kuwa kitenzi chenyewe hubeba nafsi: hablo, ninazungumza, hablas, unazungumza, hablamos, tunazungumza. Kiswahili huiweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi, Kihispania huiweka mwishoni. Asemaye yo hablo anatia mkazo, kama asemaye "mimi ninazungumza".

Mtendwa pia ana alama yake. Te veo ni "ninakuona". Katika le doy agua a la señora, yaani "ninampa bibi maji", neno le hufanya kazi ya -m- katika "ninampa", ingawa bibi ametajwa waziwazi. Tofauti ni kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendwa mmoja tu, ilhali Kihispania huruhusu wawili: te lo doy, "ninakupa hicho". Mbele ya lo au la, neno le hugeuka se: se lo doy, "ninampa hicho".

Ugumu mmoja ni jinsia. "Yeye" ya Kiswahili haibagui, lakini Kihispania kina él kwa mwanamume na ella kwa mwanamke. Wanawake watupu hujiita nosotras; akiwamo mwanamume mmoja, kwa kawaida husemwa nosotros.

Mizani ya heshima

Ugumu mkubwa zaidi umo katika nafsi ya pili. Mswahili humwambia mkubwa na mdogo "wewe", na heshima huionyesha kwa shikamoo na kwa kutaja Mzee, Mama au Bibi. Kihispania huiweka heshima ndani ya kiwakilishi chenyewe. Usted, neno lililotokana na vuestra merced, sifa ya kale ya kumtukuza mtu, hufuatwa na kitenzi cha nafsi ya tatu: ¿quiere usted agua? Ni kama mjukuu aulizapo, "Bibi atakunywa maji?" ilhali bibi mwenyewe yuko mbele yake.

Baina ya watu wa karibu, desturi hutofautiana. Mtu wa Ajentina, Uruguay au El Salvador aghalabu husema vos, na kitenzi hubadilika: ¿querés agua? badala ya ¿quieres agua? Wachile hutumia tú, na vos yao wenyewe katika mazungumzo ya kirafiki. Mjini Bogotá, Kolombia, usted husikika hata baina ya ndugu. Katika wingi, vitabu vya Uhispania hufundisha vosotros, lakini Amerika ya Kihispania humwita kila mtu ustedes.

Kwa hiyo, anayemhudumia mzee asiyemfahamu na aanze na usted, akiongeza señor au señora. Au don na doña mbele ya jina la kwanza, kama Mswahili asemavyo Bwana au Bibi. Kihispania kina hata kitenzi cha kumwita mtu tú: tutear. Mzee akitaka ukaribu zaidi, atauomba mwenyewe. Ruhusa hiyo ni yake kuitoa, wala si ya mhudumu kuitwaa.