Mtoto Aliyenyimwa Mpira
Mwaka 2003 wanasaikolojia Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams walieleza katika jarida la Science jaribio ambalo kwa dhahiri lilikuwa mchezo wa kitoto: mtu alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akaambiwa kwamba anarushiana mpira kwa kompyuta na wenziwe wawili, hali wenzi hao hawakuwapo ila ni programu tu, na baada ya kitambo akanyimwa mpira. Kunyimwa huko, pasipo tusi wala kofi, kuliamsha sehemu ya ubongo ishughulikayo pia na adha ya maumivu ya mwili. Wataalamu wangali wakijadiliana juu ya maana kamili ya picha zile, lakini kwamba kutengwa huuma hakuna akanushaye.

Kwa hiyo mzazi amwambiaye mwanawe aliyeonewa simuni, “Puuza, hayo ni maneno ya simu tu,” hamliwazi. Na yule apokonyaye simu kwa ghadhabu, akidhani amemhifadhi, hufanya, kwa rai yangu, taksiri kubwa zaidi, kwani amemtenga mtoto mara ya pili, naye akitukanwa tena kesho katika kundi la WhatsApp la darasa, atanyamaza.

Dan Olweus, aliyeutafiti uonevu wa shuleni huko Skandinavia tangu miaka ya 1970, aliutambua kwa alama tatu: kusudi, kurudiwa, na kutolingana nguvu. Simuni alama ya pili hugeuka sura, maana picha moja ya fedheha, ikishatumwa, hurudiwa na kila aisambazaye. Basi ushahidi na uhifadhiwe kabla haujafutwa, jina na tarehe vikionekana, kisha ufikishwe shuleni.

Lakini tiba aghalabu imo kwa watazamaji. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenziwe, huko Ufini, walibainisha ya kuwa mwonevu hayuko peke yake: wako wasaidizi, wachochezi wenye kucheka, wajitengao kando, na watetezi. Mpango wa KiVa wa kuzuia uonevu shuleni, uliozaliwa na elimu hiyo, huwaita faragha wanafunzi wachache wenye kupendwa darasani na kuwaomba wamsaidie aliyeonewa. Mzazi naye aweza kuiga. Akishamsikiliza mwanawe pasipo kumkatiza, asimwulize “Ulimfanyani?” wala “Mbona hukumrudishia?”, bali amwulize ni nani ambaye hakucheka. Huyo, hata akiwa mmoja tena mwenye haya, na aalikwe nyumbani Jumamosi, na mama yake apewe habari ya yanayotendeka darasani, maana yumkini naye hajui lolote.