Mwamba Hufungwa Ili Pweza Akue

Katika pwani nyingi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, pweza ni riziki ya wale wasio na ngalawa wala nyavu. Siku za bamvua, maji yanapokupwa na miamba kutokeza, kinamama hushuka ufuoni kwa miguu, kila mmoja na kapu lake na ufito wenye ncha, wakichungulia shimo moja baada ya jingine. Kinachopatikana hupikwa kwa nazi au huanikwa juani. Kinachosalia huuzwa, kikaleta unga, sabuni na madaftari ya watoto.

Riziki hiyo hupungua pweza wanapochomwa wangali wachanga. Maisha ya mnyama huyu ni mafupi mno, mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hivi, lakini hukua kwa kasi ya ajabu. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake. Hujificha shimoni na kuyalinda mayai yake bila kwenda kuwinda, na yanapoanguliwa, naye hufa. Kwa hiyo anayemchoma jike kabla hajataga hupoteza kitoweo cha leo, kwa kuwa bado ni mdogo, na kizazi cha kesho pia.

Jambo hilo lilitambuliwa na Wavezo, wavuvi wa kusini-magharibi mwa Madagaska. Biashara ya kupeleka pweza ng'ambo ilikuwa imeongeza idadi ya wawindaji miambani. Mwishoni mwa mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka, wakisaidiana na watafiti, walikubaliana kuufunga mwamba mmoja kwa muda wa miezi saba. Miamba mingine iliachwa wazi ili watu wasilale njaa. Mapatano ya namna hii husimamiwa kwa dina, yaani sheria ya kimila inayopitishwa hadharani na wanakijiji wenyewe, na mwenye kuivunja hutozwa faini.

Mwaka 2005 serikali ya Madagaska nayo iliweka kipindi cha wiki sita cha kusimamisha uvuvi wa pweza kusini-magharibi mwa nchi, ikapiga marufuku pweza wenye uzito usiofika gramu 350. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika mwezi unaofuata kufunguliwa kwa mwamba, mavuno ya mvuvi mmoja kwa siku yaliongezeka kwa karibu asilimia 90. Habari hizo zilivuka bahari. Kisiwa cha Rodrigues kilianza kufunga uvuvi wa pweza kwa msimu mwaka 2012, na huko Pemba, wavuvi wa Kisiwa Panza nao waliifuata njia hiyo.

Hata hivyo, kufunga mwamba si dawa isiyo na uchungu. Mwenye chombo huweza kwenda mbali akavua kwingine, lakini mama atembeaye kwa miguu hana pengine pa kwenda iwapo mwamba uliofungwa ndio ulio karibu na nyumba yake. Kwa sababu hiyo, hao wanaotegemea maji kupwa yafaa wawemo katika baraza linalochagua mwamba na majira ya kuufunga. Uamuzi uliofanywa bila wao huwa mzigo juu ya vichwa vyao.

Hatari ya pili ni siku ya kufungua. Habari huenea, watu wakamiminika hata kutoka vijiji vya mbali, wakakanyaga na kuvunja matumbawe, na akiba ya miezi mingi ikamalizwa kwa siku chache. Ya tatu ni mwizi wa usiku. Mvuvi mmoja anayeiba hunufaika na subira ya wote, na wasipomwona akiadhibiwa, wengine humfuata. Ndiyo maana ulinzi wa mwamba uliofungwa unahitaji zamu zinazoheshimiwa, faini isiyotazama sura ya mtu, na ushirikiano wa wenye dhamana ya kulinda sheria.

Wahenga walisema mstahimilivu hula mbivu. Lakini ustahimilivu wa pwani ni wa kijiji kizima: pweza aliyeachwa shimoni na mama mmoja hafai kitu ikiwa jirani yake atamchoma kesho yake asubuhi.