Hifadhidata ya kituo cha afya: Jinsi ya kuanza

KITUO cha afya cha mashambani, tuseme Rangwe katika Kaunti ya Homa Bay, kikipoteza faili ya mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, mhudumu atajuaje alipewa dawa zipi? Ndiyo sababu mfumo wa OpenMRS, ulioanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, huweka rekodi katika hifadhidata ya MySQL. Humo, jedwali la wagonjwa na lile la ziara zao hufungamanishwa kwa nambari ya mgonjwa.

Kwanza, sakinisha MySQL kwenye kompyuta moja itakayokuwa seva, kisha umwekee msimamizi mkuu nenosiri. Pili, unda hifadhidata na mtumiaji mwingine mwenye ruhusa za hifadhidata hiyo pekee.

Ili programu iunganishwe, huhitaji mambo manne: anwani ya seva, nambari ya mlango, ambayo kwa kawaida ni 3306, jina la mtumiaji na nenosiri. Ikikataliwa, hakikisha MySQL inafanya kazi kabla ya kulaumu nenosiri.

Hatimaye, nakili hifadhidata kila jioni na kuhifadhi nakala hiyo mbali na seva. Kompyuta hununuliwa tena, rekodi hainunuliki.